Miti Chumbani mwa Dada

Mtu akiniuliza leo aweke mmea gani chumbani ili apumzike vizuri, humjibu kwa maswali yangu mwenyewe. Anayelala humo ni nani? Dirisha linatazama wapi? Na mama mkwe wake anakaa wapi? Wakisikia hilo la mwisho watu hucheka, wakidhani natania. Sitanii hata kidogo. Hilo la mama mkwe nililisomea kwa taabu kuliko yote niliyofundishwa shuleni, miaka ile ya thelathini, wakati dhahabu ilipokuwa imewapandisha watu wazimu upande wa Geita na kila mwenye jembe akajiona tajiri wa wiki ijayo.

Dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa na kuwa na akili, alikuwa ameolewa na kijana wa Kisukuma kutoka vijiji vya upande wa Tinde. Sisi tulikuwa watu wa mjini Shinyanga, wa nyumba za nyuma ya soko, ambako baba aliuza chumvi na Kiswahili ndicho tulichogombania nacho tangu utotoni. Shemeji alipata kazi mgodini, akamchukua mkewe wakahamia kambini. Mimi nikawafuata baadaye, nikaajiriwa kupanga bidhaa katika duka la Mhindi mmoja pale pale kambini, na nikapewa chumba nyuma ya duka, katikati ya magunia ya mchele na harufu ya sabuni ya mche.

Shemeji alifanya kazi kwenye kinu cha kuponda mawe. Kinu hicho kilikuwa na vyuma vizito vilivyopanda na kushuka usiku na mchana, tii, tii, tii, na ardhi yote ya kambi ilitetemeka navyo. Nasema kweli, kuku wa kambi ile walidonoa kwa kufuata mdundo wake, na watoto waliozaliwa pale waliyumba kwa mdundo huo kabla hawajajua kusimama. Kinu kikisimama kwa ajili ya matengenezo, wazee walishtuka usingizini, wakauliza nani amekufa.

Nyumba ya dada ilikuwa na sebule ndogo na chumba kimoja, kuta za udongo, juu bati. Mchana bati lile liliwaka. Ungeweza kukaangia karanga juu yake, na sina hakika kwamba hakuna aliyejaribu. Katikati ya sebule na chumba hapakuwa na mlango, palikuwa na pazia la kitambaa cha marekani tu.

Mwaka huo dada alikuwa mjamzito kwa mara ya tatu. Zile mimba mbili za kwanza hazikufika. Hakupenda kuzisimulia na mimi sitazisimulia. Nitasema tu kwamba baada ya ile ya pili alikaa muda mrefu bila kuimba, na dada yangu alikuwa mtu wa kuimba hata akichambua dagaa. Kwa hiyo hii ya tatu ilipoanza kumsumbua, mkunga wa kambini alimpima, akaosha mikono, akamwambia:

“Mama, kuanzia leo kazi yako ni moja. Kulala. Maji utachotewa, ugali utapikiwa. Usibebe kitu, na lori usilipande hata ukiambiwa linakwenda peponi.”

Basi dada akalala. Yaani alijilaza, usingizi ni jambo jingine. Alilala chali, macho darini, akihesabu misumari ya bati, huku kinu kikimtikisa kitanda na joto likimkalia kifuani. Kila nilipokwenda kumwona nilimkuta macho makavu, yamezama. Shemeji akaanza kutembea kwa vidole ndani ya nyumba, kana kwamba yeye ndiye mwenye makelele na si kinu.

“Nikifumba macho naona yale ya zamani,” dada aliniambia siku moja. “Nikiyafumbua naona bati. Nichague lipi, mdogo wangu?”

Hapo ndipo elimu yangu ilipoinuka na kuvaa viatu.

Nilikuwa nimehitimu shule ya jioni kule Shinyanga. Tulisoma baada ya kazi, watu wazima kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Nilipopata cheti niliona kati yangu na daktari tofauti ilikuwa koti tu. Katika somo la mimea mwalimu alituchorea jani kubwa ubaoni, akatueleza kwamba majani hupumua, na kwamba mchana hutusafishia hewa. Darasa zima tukatazama mti uliokuwa dirishani kwa heshima mpya. Nikakumbuka chumba cha dada, hakina hata jani la kuning’inia. Nikaamua kitapata.

Mwenye duka alinituma Shinyanga kufuata bidhaa. Nilipomaliza nikapita kwa bibi mmoja jirani yetu wa zamani, Mswahili ambaye wazee wake walikuja na misafara kutoka pwani na hawakurudi tena. Ua wake ulikuwa umejaa makopo, madebe na vyungu vilivyovunjika, na kila kimoja kilikuwa na kitu kilichoota. Ukikaa pale ukitafakari muda mrefu, nawe ungechipua.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwalimu.” Aliniita mwalimu tangu nilipopata cheti, kwa sauti ile ile aliyomwitia beberu wake sultani.

Nikamweleza haja yangu. Alisikiliza kuhusu kinu, kuhusu bati, kuhusu mimba, na nilipofika hapo pa mimba akaacha kutania.

“Ulikuwa unafikiria kumpelekea nini?”

“Asumini, bibi. Inanukia vizuri.”

“Asumini ni ya chumba cha bibi harusi,” akasema. “Dada yako haihitaji. Asumini ndiyo iliyomfikisha hapo alipo.”

Nilicheka mpaka beberu akanitazama. Bibi hakucheka, alikuwa tayari anazunguka katikati ya makopo yake, akigusa hiki na kuruka kile. Alinipa mrehani, mche mnene ndani ya kopo la samli. Akasema harufu ya mrehani haimsukumi mtu, inakaa pembeni mpaka uiguse. Akanipa mvumbasha kwa ajili ya mbu, lakini akanionya kwamba ni mkali, mgonjwa aamue mwenyewe. Akanipa mshubiri kwa sababu hauombi maji kila saa, na mche wa katani pori, ule wenye majani marefu yaliyosimama kama mikuki, madoa madoa, kwa sababu alisema huo haufi hata ukitukanwa.

“Halafu usimpangie,” akaniambia nikiwa mlangoni. “Chumba ni chake. Weka, toa, weka, toa. Mwenye kulala ndiye mwenye kuchagua.”

Safari ya kurudi sitaisimulia yote, maana hakuna atakayeiamini. Nilikaa ndani ya lori, juu ya magunia ya chumvi, mrehani mapajani, katani pori imenichoma ubavu kwa kila shimo, na mashimo ya barabara ile yalikuwa makubwa kiasi kwamba katika baadhi yake palikuwa na giza la mapema. Abiria mmoja aliniuliza kama nahamia porini. Nikamjibu kwamba pori ndilo linalohamia.

Tulianza uchaguzi kesho yake. Dada alikuwa mkaguzi mgumu kuliko wote niliopata kuwaona, na mkaguzi wa mgodi mwenyewe angejifunza kwake. Mvumbasha ulikaa alasiri moja tu.

“Utoe,” akasema. “Mbu wameondoka, lakini harufu yake inaniita niamke nikapike.”

Mshubiri haukufika hata hiyo alasiri. Aliuona tu, akageuza uso. Kwetu mama akitaka kumwachisha mtoto ziwa hupaka shubiri ili achukie.

“Mtoto mwenyewe bado sijampata,” akasema polepole, “wewe umeshaniletea cha kumwachishia.”

Niliutoa mbio, nikaupanda nyuma ya jiko, na mpaka leo nikiuona mshubiri namwomba radhi moyoni.

Mrehani aliukubali. Kwanza tuliuweka kichwani pa kitanda, akasema karibu mno, unamnong’oneza. Tukausogeza dirishani, ambako upepo ukipita ulileta harufu kidogo kidogo. Katani pori akaikubali ikae miguuni, kwa sababu kijani chake kilipoza macho. Mimi nikaenda kwenye miamba yenye unyevu chini ya kilima, nikamletea kangaga, yale majani membamba kama manyoya, nikayaweka ndani ya chungu chenye maji. Ukifunga macho karibu nayo unasikia ubaridi. Na mmea wa mwisho hakuuleta mtu. Kilikuwa kiazi kitamu kilichosahauliwa jikoni, kikachipua. Dada akaomba kiwekwe kwenye chupa yenye maji juu ya sanduku. Ndani ya muda mfupi kikatoa mizizi myeupe ndani ya chupa na kamba za kijani nje, zikaanza kupanda ukutani. Nasema kwa hakika, ukikaa kimya ulizisikia zikitambaa.

“Mimi nimelala, chenyewe kinatembea,” dada alisema. “Angalau mmoja wetu anafanya kazi.”

Shemeji aliporudi kutoka kinuni, mweupe kwa vumbi la mawe, alisimama akishika pazia.

“Shemeji,” akaniuliza, “mimi nalala wapi? Humu kuna nafasi ya chui tu.”

Lakini siku chache baadaye alinijia dukani saa za mchana, ameacha kinu kwa ruhusa ya kunywa maji, akaegemea meza kwa viwiko vyote viwili.

“Analala,” akasema. “Kinu kinapiga, na analala. Nimemsikia anakoroma.”

Sijapata kuona mtu mzima aliyefurahishwa hivyo na mkoromo wa mkewe.

Sasa tulifika mahali ambapo neno moja lilituangusha sote.

Alikuja mtu kutoka kijijini kwa shemeji, ameswaga ng’ombe wa kuuza nyama kambini. Akapita kusalimia. Dada, kwa furaha ya usingizi wake, akampa salamu za kumpelekea mama mkwe, kwa sauti, kupitia pazia: “Mwambie mama asiwe na wasiwasi. Sasa nalala vizuri. Mdogo wangu kaniwekea miti chumbani.”

Dada alisema miti kwa Kiswahili cha nyuma ya soko. Kwetu mti ni mti: mwembe, kuni, kivuli. Kule vijijini neno hilo lilikuwa na mlango wa nyuma. Mtu mwenye miti si mwenye bustani. Ni mwenye dawa, na hakuna anayejua kama ni ya kuponya au ya kumaliza. Na kuwekewa miti chumbani, tena na ndugu wa mke, ni kwamba mume ametegwa kama kwale. Mswaga ng’ombe akaibeba salamu hiyo kama alivyopewa, neno kwa neno, na naamini aliibeba mbio kuliko alivyowaswaga ng’ombe.

Mama mkwe alifika mchana mmoja, kwa lori la mizigo. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, amejifunga kaniki, kichwani furushi. Nilikuwa uani namwagilia mshubiri.

“Mwadila, mayu,” nikamsalimia Kisukuma, nikimwita mama kwa kumpa heshima yake.

“Mwadila,” akajibu. Akakaa kwenye kigoda nje ya mlango. Nikamletea maji ya kunywa kwa mikono miwili. Akayatazama, akayaweka chini bila kuyagusa. Hapo nikajua kuna jambo. Mgeni aliyetoka mbali kwenye jua lile akikataa maji, hana ugomvi na maji.

“Nimekuja kumchukua mkwe wangu,” akasema. Kiswahili chake kilikuwa na “l” nyingi kuliko “r”, na nilikipenda hata siku ile. “Loli linaludi kesho asubuhi. Nimeshaongea na deleva. Atazalia kwangu.”

Nikasikia kitanda kikilia ndani.

“Mama,” nikasema, “mkunga amekataza lori.”

“Mkunga amekataza loli. Na miti ameiluhusu?”

Sasa, mtu mwenye busara angenyamaza hapo. Mimi nilikuwa na cheti. Nikavuta kigoda, nikamfundisha somo la mimea tangu mwanzo.

“Majani yanapumua, mama.”

“Yanapumua,” akarudia. “Chumbani mwa mwanangu kuna kitu kinapumua.”

“Kwa uzuri, mama. Mchana yanatupa hewa safi.”

“Na usiku?”

Mwalimu wetu alikuwa ametueleza na habari za usiku. Nami nilikuwa mwanafunzi mkweli.

“Usiku yanachukua hewa kidogo.”

“Ya nani?”

Darasani hakuna aliyeuliza hilo. Ndani, nyuma ya pazia, nikamsikia dada akisema kwa sauti ya kuchoka, “Mdogo wangu, nyamaza kidogo.”

Njia rahisi ilikuwa aingie, aone makopo na kiazi, acheke, yaishe. Haikuwezekana. Kwao mzazi haingii chumba anacholala mwanawe na mkewe. Nyumba ikiungua atasimama nje aelekeze ndoo. Kwa hiyo alichokiogopa kilikuwa hatua chache tu kutoka alipoketi, nyuma ya kipande cha marekani, na hakuwa na ruhusa ya kukiona.

Nikasema basi nitatoa mimea, aikague. Nikaitoa yote uani, nikaipanga mbele yake juani. Akachukua kijiti. Mrehani aliunusa, akachokoa udongo wa kopo mpaka chini, akitafuta uzi, kitambaa, jino, chochote kilichofungwa. Hakupata kitu ila funza mmoja, na huyo tulikubaliana kuwa hakutumwa na mtu. Kangaga aliyainua kwenye maji, akayatikisa. Katani pori aliizunguka bila kuigusa. Alipofika kwenye kiazi aliinua chupa, akaizungusha mbele ya macho.

“Hiki ni kiazi,” akasema.

“Ndiyo, mama.”

“Mnalala na kiazi.”

“Kinapoza macho, mama.”

“Watu wa mjini,” akasema, si kwangu hasa, kwa kuku. Nikaona mdomo wake unataka kulegea, nikashukuru. Lakini akaufunga tena. “Haya nimeyaona. Yaliyobaki ndani siyaoni. Atakayeficha kitu hakitoi nje kikaguliwe.”

Hoja hiyo nisingeweza kuipinga hata kwa vyeti kumi.

Shemeji akarudi kutoka kazini akatukuta hivyo, mimea imepangwa uani kama watuhumiwa. Akapiga goti kwa mama yake, akasimama katikati, hajui atazame wapi.

“Mama, ni majani tu.”

“Aliyelogwa hajui kuwa amelogwa,” mama yake akamjibu kwa upole, nao upole ulikuwa mbaya kuliko ukali. “Panga vitu vya mkeo. Loli ni asubuhi.”

Ndipo dada akasema kutoka ndani. Sauti yake haikupanda.

“Mama, nikipanda lori hilo nitafika kwako peke yangu. Mtoto hatafika.”

Kinu kikapiga. Shemeji akakaa chini pale pale kwenye vumbi na nguo zake za kazi.

“Na wale wawili?” mama mkwe akauliza, akilielekea pazia. “Hukupanda loli. Ulilala humo humo, mkwe wangu. Humo ndimo walimopotelea. Mnasema nina loho mbaya. Wale walikuwa wajukuu zangu, sikuwaona hata sula. Nasikia sasa kuna miti humo. Nikuache?”

Mpaka dakika ile nilikuwa nimemwona kama mzee mkaidi wa kusimuliwa dukani. Nikamtazama upya. Mikono yake ilikuwa imekishika kile kijiti kama mtu anayeshika ukingo wa mtumbwi. Alikuwa ametoka kwake juu ya mizigo, mifupa mikavu ile, kwenye mashimo yale ninayoyajua, kwa sababu aliamini kuna kitu kinamla mjukuu wake wa tatu na hakuna mwingine anayekiona.

Dada naye alimsikia. Akamwita mumewe kwa lile jina la utani ambalo walilitumia wawili tu, na ambalo hatukupaswa kulisikia.

“Hama,” akamwambia.

“Nihame wapi?”

“Nenda ukakae kwa mdogo wangu, dukani. Toa nguo zako, toa viatu, toa kila kilicho chako. Kitanda kikiwa cha mke na mume, mama haingii. Kikiwa changu peke yangu mimi mjamzito, nani atamzuia?”

Sote tukamgeukia mama mkwe. Sheria ilikuwa yake, si yetu. Alifikiri, akikwangua ardhi kwa kijiti. Nadhani alikuwa akipita katika kichwa chake kwa mama zake wote waliotangulia, akiwauliza mmoja mmoja, na walikuwa wengi.

“Na mkanda wake ulio msumalini,” hatimaye akasema. “Na mto anaolalia. Kisibaki chake hata kimoja.”

Shemeji alihama kama mtu anayefukuzwa na mafuriko. Akapita na shuka, akapita na viatu vya kazi, akapita na mkanda na mto, akarudi kuchukua wembe, akarudi tena kuchukua kofia. Majirani walikuja kusimama kwenye uzio wa minyaa, wakasema ndoa imekufa. Mmoja akaanza kumpa pole. Alipomaliza, chumba kikawa chumba cha mwanamke anayesubiri kujifungua, na mama mkwe akavua viatu vyake, akainua pazia mwenyewe, akaingia.

Alikagua. Aliangalia chini ya kitanda, juu ya kuta, nyuma ya sanduku, ndani ya godoro la majani kwa mkono wote mpaka bega. Dada alimsaidia kwa kugeuka huku na huku. Mimi nilisimama nje ya pazia nikisikiliza, na kilichonishangaza ni kwamba upekuzi ulianza kupungua kelele. Halafu nikasikia mtu mzima akikaa chini sakafuni, ile pumzi ya magoti yakikunjwa. Halafu dada analia, na mama mkwe anasema maneno ya Kisukuma ambayo sikuyaelewa yote, ya kubembeleza, kama ya kumwambia ng’ombe aliyeogopa kwamba mto hauna kina.

Baadaye akaniita.

“Baba, leta majani yako.”

Nikayaleta, naye akayapanga upya mbele ya macho ya dada. Mrehani ubaki dirishani. Kangaga yasogee karibu na kitanda, maana yeye aliona ubaridi wake ni wa kweli. Kiazi kirudi juu ya sanduku, kwa sharti kwamba majani ya chini yachumwe kwa mboga, kwani hakuweza kuvumilia chakula kikae bure ukutani. Katani pori ikanirudia mkononi.

“Hii hapana. Mikuki haisimami miguuni pa mzazi.”

Nilitaka kusema haifi hata ikitukanwa. Nikamtazama dada. Dada akatikisa kichwa kwamba nisiseme. Nikaitoa. Kisha mama mkwe akaomba maji, na nilipomletea aliyanywa yote, akarudisha kata, akaomba mengine.

Asubuhi lori likaja mpaka uani, likapiga honi ambayo ingeamsha madini yenyewe. Mama mkwe akatoka amejifunga kanga ya dada, akamwendea dereva na kidole mdomoni.

“Zima,” akamwambia.

“Mama, si ulisema tunaondoka? Mizigo iko wapi?”

“Mzigo umelala. Nenda polepole mpaka balabalani, ndipo upige kelele zako.”

Dereva akalisukuma lile lori na utingo wake kwa mikono mpaka njiani, na mimi niliwasaidia, na nasema lilikuwa jepesi kama unyoya.

Mama mkwe akabaki. Akawa analala sakafuni karibu na kitanda, mchana anakaa mlangoni akifukuza kuku, wauza samaki, na yeyote aliyekuwa na kikohozi. Shemeji akawa analala nami kati ya magunia ya mchele, na mkoromo wake ulikuwa kinu cha pili; nilihitaji kangaga yangu mwenyewe, sikuwa nayo. Siku zilikwenda. Mimba ile ilipita pale ambapo zile mbili ziliishia, na siku hiyo ilipopita dada alianza kuimba tena, kwa sauti ndogo, akiwa amelala.

Mtoto alizaliwa mchana, kinu kinapiga, mkunga upande mmoja na bibi yake upande wa pili. Alikuwa wa kike, na sauti yake, mimi niliyeisikia nikiwa dukani nathibitisha, iliishinda mitambo yote ya mgodi. Shemeji alitoka kinuni mbio na vumbi lake. Alipofika kwenye pazia akasimama, akainua mkono, akaushusha. Akabisha hodi kwenye kitambaa, kama mgeni, kwenye chumba alichokijenga mwenyewe.

“Nani?” mama yake akauliza kutoka ndani.

“Mimi, mama. Naruhusiwa kuingia?”

“Ungoje,” akajibu. “Wamelala wote wawili.”